Supu ya Pweza Haivuki Mlango wa Ubongo

Muuza supu ya pweza ninayemnunulia jioni hapo Mwembe Tayari, Mombasa, ana orodha ya maradhi ambayo supu yake huyaondoa, na kila mwaka orodha hurefuka. Ilianza na nguvu za kiume, kama ilivyo ada ya pwani nzima. Ikafuata baridi yabisi, ikafuata presha. Juzi, huku akikata mkono wa pweza vipande vipande na kuvidunga vijiti, akaniongezea kifafa. Mteja mmoja alimsomea kwenye simu kwamba pweza ana kitu kiitwacho taurini, na taurini hutuliza ubongo. "Kuna kijana wa hapo nyuma huanguka," akanambia, "sasa kila magharibi nampa kikombe. Bure, fisabilillahi. Mamake akitaka kunilipa nakataa."

Mamake namjua. Nilikaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa mtaani humo miaka 11, na mpaka leo watu huniita daktari ingawa si daktari na sikuwahi kuwa. Bibi yule alinijia nyumbani wiki chache kabla ya Ramadhani akiwa na kikapu. Ndani mlikuwa na kopo kubwa la unga, limeandikwa majina ya asidi amino kutoka juu hadi chini, aliuziwa shilingi 4,500 akaambiwa ni chakula cha ubongo. Kando ya kopo palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko wa mtu mwingine, yenye vyakula ambavyo mtoto asiguse: mayai, nyama ya ng'ombe, kamba, maharagwe, mchuzi wa pakiti. Mmoja asema ubongo wa mtoto unakosa asidi amino, mwingine asema zimemzidi. "Sasa nimpe ama nisimpe?" akaniuliza. Chini kabisa ya kikapu kilikuwemo kibahasha cha fenobabitoni, dawa yake ya kifafa. Nikatazama tarehe, nikahesabu vidonge. Kama angekuwa akimeza kila usiku, kibahasha kile kingekuwa kitupu tangu siku 20 nyuma.

Swali lake si la kipuuzi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Aliyemuuzia kopo na aliyemwandikia karatasi, wote wawili wameshika ncha ya jambo la kweli. Kifafa kwa sehemu kubwa ni habari ya asidi amino. Walipokosea ni kudhani kwamba asidi amino zinazoendesha ubongo ndizo hizi zilizomo sahanini.

Ubongo uliotulia hauko kimya. Ufananishe na soko la Kongowea alfajiri, malori ya viazi na vitunguu yakishushwa. Huyu ataja bei, huyu aita mkokoteni, huyu agombana na kuli, na katika fujo hiyo kazi inakwenda. Kifafa ni pale sehemu ya soko, au soko zima, linapoacha maneno yake na kupiga ukelele mmoja kwa pamoja, tena na tena. Hakuna tena anayemsikia mwenzake. Seli za neva hazijalala, zimeshikana sauti.

Nilimwona kijana yule akianguka mara moja, mbele ya kibanda cha supu. Kikombe kilitangulia. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, macho yakageukia upande, kisha mwili mzima. Watu wakaja na dawa zao za kawaida: mmoja kavua kiatu amnusishe, mwingine anatafuta kijiko amtie mdomoni. Muuza supu, nampa haki yake, aliwafukuza wote, akamlaza kijana ubavu na kumwekea kilemba chake chini ya kichwa. Niliangalia saa: dakika mbili na nusu. Tetemeko likaanza kuachana, likawa na mapengo, mapengo yakawa marefu, likakoma. Kwangu mapengo yale yalikuwa ndiyo sehemu ya kutazamwa zaidi. Kuna kitu ndani ya ubongo kilikuwa kikiyatia.

Shuleni tulifundishwa kwamba asidi amino ni matofali ya protini, basi. Ubongo huzitumia pia kama maneno. Glutamati ndiyo neno kuu la "sema": seli ikiimwaga, seli jirani huamka na kupokezana. GABA ndiyo neno kuu la "nyamaza". Kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo kuna ya tatu, glisini, nayo hutuliza. Sumu ya zamani ya panya, strikinini, huua kwa kuyaziba masikio ya seli zisiisikie glisini, na aliyeila hukakamaa mwili mzima akiwa na fahamu zake. Lakini mizani ya kifafa hushikwa hasa na zile mbili za kwanza.

Takashi Hayashi, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Keio huko Tokyo, ndiye aliyeuonyesha upande wa kwanza wa mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitia glutamati kwenye gamba la ubongo wa mbwa, na mbwa wakashikwa na degedege. (Bwana huyu mchana alikuwa profesa, na kwa jina la kubuni alikuwa mwandishi wa hadithi za upelelezi. Sijui kama kuna kazi mbili zinazofanana zaidi ya hizo.) Karibu wakati huohuo, mwaka 1950, Eugene Roberts wa Marekani alikuwa ameikuta GABA ndani ya ubongo, kwa wingi usio na maelezo. Ilichukua miaka mingine kukubalika kwamba kazi yake ni kunyamazisha.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba maneno haya mawili ni mtu na mwanawe. Kuna kimeng'enya ndani ya seli kinachochukua glutamati, kikaikata kipande kidogo pembeni, na kinachobaki ni GABA. Kelele hukatwa kidogo tu ikawa utulivu. Na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi mikono mitupu. Kinahitaji vitamini B6. Mwenye kusoma aikumbuke vitamini hiyo, maana ndiyo tundu ambalo sahani na vidonge, mara chache, huweza kupitia.

Sasa tazama kibahasha kilichokuwa chini ya kikapu. Fenobabitoni imekuwa ikitumika kwa kifafa tangu 1912, kabla hata GABA haijajulikana kuwa imo ubongoni, na kazi yake ni kukazia sauti ya GABA kwenye vipokezi vyake, yaani yale masikio ya seli. Diazepamu, ile sindano au dawa ya njia ya haja kubwa anayopewa mtoto aliyeshikwa muda mrefu, hugonga kipokezi hichohicho mahali pengine. Vigabatrini huzuia GABA isivunjwevunjwe. Kabamazepini na fenitoini hupita njia tofauti, kwenye vitundu vya seli vinavyopitisha sodiamu, lakini nazo huishia kupunguza glutamati inayomwagwa. Kwa hiyo yule mama alikuwa tayari na dawa ya asidi amino. Alikuwa nayo kwa bei ya maandazi, akaiweka chini, akanunua kopo la 4,500.

Kwa nini kopo halifiki? Mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo haikushonwa kama ya mwili mwingine. Seli zake zimebanana bila mwanya, na kila kitu kinachotaka kuingia ni lazima kiwe na mchukuzi wake mlangoni. Glutamati ya kwenye damu karibu haina mchukuzi wa kuiingiza. GABA vilevile, hata vile vidonge vya GABA vinavyouzwa mitandaoni kwa watu wasiopata usingizi hukwama nje. Na hili si kosa la maumbile. Glutamati iliyotapakaa ovyo nje ya seli huziua seli za neva, kwa hiyo ubongo umejifungia na kujitengenezea yake ndani, kutoka kwa sukari, kisha huizungusha. Ikishamwagwa na kusikika, seli za jirani, zile za kuhudumia, huizoa upesi na kuigeuza glutamini isiyo na kelele, zikairudisha ilikotoka. Mzunguko huo ukiharibika ndipo mambo huharibika. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa wa kifafa cha upande wa kichwa waliofanyiwa upasuaji: ndani ya kile kipande cha ubongo kiitwacho hipokampasi, kimeng'enya cha kuzoa na kugeuza glutamati kilikuwa kimepungua sana. Uchafu ulikuwa haujazolewa. Hakuna aliyewauliza walikula nini.

Ndiyo maana sina subira na ile karatasi ya mwiko. Glutamati ya mchuzi wa pakiti ni ileile aliyoitenga Kikunae Ikeda mwaka 1908 kutoka kwenye mwani wa Kijapani, na ni ileile iliyomo kwenye nyanya zilizoiva za Marikiti. Maziwa ya mama yamejaa glutamati kuliko asidi amino nyingine yoyote iliyo huru ndani yake. Kama ingekuwa inawaangusha watoto, tusingebaki hata mmoja. Sehemu kubwa mno ya glutamati tunayokula haifiki hata kwenye damu ya kawaida, maana seli za utumbo huichoma kama kuni zake. Mchuzi wa pakiti unayo kesi ya kujibu, lakini ni kesi ya chumvi na presha. Mtoto wa miaka tisa anayenyimwa yai, samaki na maharagwe eti kwa ajili ya kifafa, anachopungukiwa ni mwili. Nimewaona wengi wa namna hiyo, miguu kama fito, na bado wanaanguka.

Na taurini ya pweza? Hapa muuza supu amekaribia kuliko wengi. Taurini imetajwa kwa jina la ng'ombe dume kwa kuwa ilitolewa kwanza kwenye nyongo ya ng'ombe, 1827, ila pweza, ngisi na kome wanayo kwa wingi. Ubongoni hutuliza, ikigusa vipokezi vya glisini na vya GABA. Miaka ya 1970 madaktari waliwapa wagonjwa wa kifafa, wakapata matokeo ya kutia moyo kwa wachache, kisha wengine wakajaribu wasione kitu, na mambo yakafifia. Kikwazo ni mlango uleule: inavuka kwa tabu, na mwili wa binadamu hujitengenezea ya kutosha. Wanaoihitaji sahanini ni paka. Paka akikosa taurini kwenye chakula hupofuka na moyo ukalegea, kwa hiyo wale paka wa Mji wa Kale wanaokesha chini ya meza za wauza samaki wanajua wanachofanya. Kijana anywe supu yake kwa sababu ni nzuri na ina protini. Nina wasiwasi zaidi na kopo la kinywaji cha nguvu, la mililita 250, ambalo hutangaza karibu gramu 1 ya taurini huku likiwa limebeba kafeini ya kumkesha mtu. Usingizi uliokatika huangusha wagonjwa wa kifafa kuliko chakula chochote nikijuacho.

Kopo la unga lina habari yake. Mbele ya orodha walikuwa wameandika kwa herufi kubwa leusini, isoleusini na valini, zile ambazo vijana wa jimu huzipigania. Hizi, tofauti na glutamati, zina mchukuzi mlangoni. Mchukuzi huyo ni mmoja na abiria ni wengi: triptofani, tirosini, fenilalanini, wote husubiri kivuko kimoja, kama watu wa Likoni saa kumi na mbili asubuhi. Ukijaza upande mmoja, mwingine hubaki ng'ambo. Na zikishaingia, hutoa naitrojeni ya kutengenezea glutamati. Katika majaribio ya panya, zilipotolewa kwa muda mfupi zilionekana kuzuia kifafa, na zilipotolewa mfululizo zikaonekana kukichochea. Unga wa namna hiyo humpi mtoto wa kifafa bila daktari wa neva kujua. Nilimwambia mama hivyo, bila kuzunguka.

Hadi hapo mtu atasema basi, chakula na vidonge vya vitamini havihusiani kabisa. Vinahusiana, ila mahali ambapo hatutazami.

Rudi kwenye vitamini B6. Tuna dawa ya kifua kikuu, isoniazidi, ambayo katika mji huu wa nyumba za kubanana na matatu za kujaa hupita mikononi mwa maelfu. Isoniazidi huikamata B6 na kuitoa mwilini. Ndiyo sababu kibahasha chake huja na kidonge kidogo cha piridoksini, ambacho ndicho B6 yenyewe. Nilikuwa na mteja, dereva wa tuktuk, aliyekuwa akikitupa. "Hiki ni vitamini tu, si dawa," alinambia, na ganzi ilikuwa imeshampanda miguuni mpaka hajui kama amekanyaga breki. Kwa dozi ya kawaida, B6 ikipungua, ganzi ndiyo hofu kubwa. Lakini mtu akimeza isoniazidi nyingi kwa mpigo, mtoto akiifikia pakiti ya babake iliyoachwa juu ya friji, kimeng'enya cha kutengeneza GABA hukosa mshirika wake. Glutamati inalundikana na haigeuzwi. Mtoto hushikwa na degedege lisilokatika, na diazepamu peke yake huweza kushindwa, kwa kuwa diazepamu hukazia sauti ya GABA na hapo GABA yenyewe haipo. Kinachomwokoa ni B6 kwa mshipa, gramu kwa gramu ya isoniazidi aliyomeza. Kidonge kile kidogo "si dawa" ndicho dawa.

Jambo hilohilo liliwakuta watoto wachanga wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Maziwa ya kopo yalichemshwa kwa njia iliyoharibu B6 yake. Watoto wakaanza kupata mishtuko. Wakarudishiwa B6, ikakoma. Mwaka 1954 akaelezwa pia mtoto ambaye mishtuko yake haikusikia dawa yoyote ila vitamini hiyo, na ikachukua mpaka 2006 kujua chanzo: mwili wake unashindwa kuimaliza lisini, moja ya asidi amino za chakula, na mabaki yake huikamata B6. Watoto wa namna hiyo ni wachache sana. Kwao, kupunguza lisini kwenye chakula ni sehemu ya tiba, tena kwa vipimo vya gramu. Ndivyo ilivyo pia kwa wenye hitilafu ya fenilalanini, aliyoifumbua daktari wa Norway, Asbjørn Følling, mwaka 1934: ikiwalundikia tangu utotoni huharibu akili na wengine huanza kifafa. Nenda duka lolote la jumla, chukua soda isiyo na sukari, igeuze, usome maandishi madogo. Nyingi zimetaja fenilalanini. Onyo lile ni la watu hao. Mwenye kifafa cha kawaida halimhusu, ingawa nimelisikia likitajwa barazani kama ushahidi wa njama.

Halafu kuna birimbi. Naandika neno hilo kwa uchungu kidogo, maana pilau bila achari ya birimbi kwangu ni wali. Birimbi ana ndugu, tunda-nyota, lile la pembe tano ambalo hoteli hulikata kupambia sahani. Kwa muda mrefu madaktari wa Brazil waliona wagonjwa wa figo wakila tunda-nyota hushikwa na kwikwi isiyokoma, kisha kuchanganyikiwa, kisha degedege, na wengine hufa. Mwaka 2013 watafiti wa huko waliitenga sumu yenyewe, wakaiita karamboksini. Ni asidi amino, imefanana na fenilalanini, na ndani ya ubongo hufanya mambo mawili mabaya kwa pamoja: huamsha vipokezi vya glutamati na kuzuia vya GABA. Mwenye figo nzima huikojoa asijue. Asiye na figo humkaa. Birimbi wetu mashtaka yake ni mengine, kemikali iitwayo oksaleti, ambayo huko Kerala iliharibu figo za watu waliokunywa maji yake mazito kama dawa. Mgonjwa anayesafishwa damu aachane na wote wawili, na ampelekee daktari kwikwi yoyote ya ajabu, asisubiri ipite.

Bahari nayo imewahi kutoa glutamati ya bandia. Mwaka 1987, kisiwa cha Prince Edward huko Kanada, watu zaidi ya 100 waliugua baada ya kula kome waliobeba asidi ya domoi iliyotoka kwenye vijimea vya majini. Kwa vipokezi vya ubongo, domoi ni glutamati yenye sauti ya tarumbeta. Waliozidiwa walipata degedege, kuna waliokufa, na kuna waliopona wasiweze tena kushika jambo jipya kichwani. Mzee mmoja alianza kifafa kamili mwaka mmoja baadaye. Wazee na wenye figo dhaifu ndio walioathirika zaidi. Figo tena. Kama ningeambiwa niandike karatasi ya vyakula kwa ajili ya degedege, ingeanza na swali moja, "Figo zako zikoje?", wala yai lisingetajwa.

Karibu zaidi na kwetu, kuna yale tuliyoyaita nyuni. Mtoto ana homa, macho yanageuka, mwili unakakamaa. Ndege wa kishetani amepita juu yake. Mara nyingi ndege huyo alikuwa malaria. Watafiti waliofanya kazi Kilifi walipima maji ya uti wa mgongo ya watoto wenye malaria ya ubongo, taarifa yao ikatoka mwaka 2000, na walikuta asidi ya kwinolini imepanda, ikizidi kadiri hali ya mtoto ilivyokuwa mbaya. Kwinolini ni mabaki ya triptofani; mwili ukiwa vitani dhidi ya vijidudu huivunja triptofani kwa njia hiyo. Nayo kwinolini hugonga mlango wa glutamati. Yaani asidi amino ya kawaida kabisa, iliyomo kwenye samaki na mbaazi, inageuzwa kuwa kelele ndani ya ubongo kwa sababu ya mbu. Hapo pia hakuna aliyekosea chakula. Neti ndiyo iliyokosekana.

Kilifi hiyohiyo, saa moja na ushee kutoka Mombasa, ndiyo iliyotupa takwimu ninayoijua kwa moyo. Utafiti uliochapishwa 2012 uliwapima damu wenye kifafa cha degedege kuona kama dawa imo. Asilimia 62 hivi hawakuwa na tiba ya kutosha. Sababu walizozikuta ni umbali wa kliniki, gharama, na imani kwamba ugonjwa huu si wa hospitali. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sawasawa, dawa ambazo zinaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka. Dola 5 ni kikombe cha pweza mara chache tu. Sina ugomvi na kombe la zafarani, na hirizi haikatazi kidonge. Anayeniudhi ni yule anayemwambia mama, "Acha kwanza hizo za hospitali tuone hii."

Ramadhani ilipokaribia, mama akarudi na swali jingine: je, kijana afunge? Alikuwa amesikia kwamba njaa huzuia kifafa. Ameshika ncha ya kweli tena. Mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic alipendekeza chakula cha mafuta tupu, karibu bila wanga, ili mwili wa mgonjwa udhani umefunga, na tiba hiyo bado inatumika hospitalini kwa watoto ambao dawa zimewashinda. Mojawapo ya maelezo yake ni kwamba ubongo unaotumia mafuta huelekeza glutamati nyingi zaidi kwenye GABA. Lakini saumu yetu si hiyo. Anayefuturu kwa muhogo wa nazi, kaimati, viazi vitamu na uji wa sukari, mafuta yale hayaoni hata mlangoni. Zaidi ya hayo, kinachowaangusha watu mwezi huo ni daku lililolalwa na dozi iliyorukwa. Fenobabitoni hukaa mwilini kwa muda mrefu na humezwa mara moja usiku, kwa hiyo hupangika. Kabamazepini ina shida zaidi. Mtoto wa miaka tisa hajalazimika, na aliyebaleghe amwone daktari kabla ya kuvunja jungu, asingoje hadi mwezi umeandama.

Kopo la unga liliishia kwa muuza supu. Alilikosha akalitilia chumvi, na limekaa juu ya meza yake likiwa bado na picha ya ubongo unaong'aa. Tulipatana naye jambo moja: supu aendelee kuimwaga bure kama alivyonuia, ila kabla ya kumpa kijana kikombe amuulize kama usiku uliopita alimeza. Amelichukua kama amana. Humuuliza kwa sauti mbele ya wateja, na kijana hujibu kwa kutikisa kichwa huku kinywa kimejaa.

Alhamisi iliyopita aliulizwa, hakutikisa kichwa.

"Zimekwisha," alisema. "Mama aliambiwa kliniki arudi Jumatatu."